Mwalimu wa Gari na Wimbo wa Saba

Kabla sijaanza nikwambie kabisa, mimi naongeza chumvi. Nikisema watu mia tano, toa mia nne na hamsini, waliobaki ndio wa kweli. Lakini ya leo nitajaribu kuisema ilivyo, kwa sababu ndani yake kuna kosa langu, na kosa ukiliongezea chumvi linaanza kuwa tamu. Kosa lenyewe ni hili: kuna mwanamke hakumlilia mume wake miaka kumi na moja kwa ajili ya uongo nilioutunga mimi, tumekaa kwenye foleni, dakika nne tu, wimbo mmoja.

Tulimwita Mwalimu. Shule sijui kama aliwahi hata kuingia, na mimi mwenyewe niliishia la nne kwa hiyo siwezi kumcheka. Alitufundisha kuendesha gari, sisi tulioletwa Dallas kama wakimbizi tukapangwa kwenye apatimenti za Vickery Meadow, Warundi, Wakongo, na Msomali mmoja aliyekuwa anaogopa taa ya njano kuliko nyekundu. Nadhani amefundisha watu elfu mbili. Haya, sitini. Darasa lilikuwa parking ya kwetu, Jumapili baada ya misa ya kwanza, wenye magari wameshatoka.

Umri wake sijui. Alikozaliwa na baba yake ni nani, sikuuliza. Ninachokijua ni mwiko. Alikaa kiti cha pembeni na mwiko wa kusongea ugali mkononi, mwiko ndio unaonyesha kioo, ndio unaonyesha kibao cha stop, na ukikanyaga breki kwa ghafla unakutembelea gotini.

"Umeona mende?" anakuuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi usikanyage kama unaua mende."

Malipo hakutaka. Alitaka uje umeoga na umevaa viatu, siyo ndala. Siku moja Mkongo mmoja mnene alikuja na ndala, Mwalimu akamwambia aendeshe kwa miguu, na kweli alimzungusha parking nzima kwa miguu, ameshika usukani wa hewa, anaweka indiketa kwa mdomo. Tulicheka mpaka polisi wakapita kuangalia kuna nini. Polisi nimewaongeza. Kucheka ni kweli.

Gari yenyewe ilikuwa na rangi ya maji ya maharage. Aliinunua kwa mzee mmoja Mzungu aliyekuwa anahama, na kwenye redio yake kulikuwa na sidii moja imekwama. Haitoki. Tulijaribu kisu, tukajaribu kibanio cha nywele, mimi nikajaribu maombi. Redio yenyewe stesheni haishiki, ukiiwasha ni ile sidii tu, ukiizima ni kimya. Kasha la sidii lilikuwa limebaki mlangoni, lina picha ya wazungu watano wa zamani zile za vinanda vya umeme, nywele zimesimama kama wamepigwa shoti, macho yamepakwa wanja, makoti mabega mapana unaweza kuanika nguo juu yake. Mtoto wangu aliniambia muziki wa namna hiyo unaitwa new wave, wimbi jipya. Na akasema hiyo sidii ni zile nyimbo zao zilizopendwa kuliko zote, wamezikusanya pamoja, kumi na sita. Yaani bendi imefanya kazi ujana wake wote, halafu imemaliza safari yake ndani ya gari ya mama wa Kirundi, Texas.

Mwalimu alilitazama lile kasha siku ya kwanza akaniuliza, "Hawa watoto wanaumwa?"

Nikamwambia hapana, mama, ni staili.

"Macho yale siyo ya mtu mzima wa afya." Na toka siku hiyo, kwenye rozari ya jumuiya, baada ya kuwaombea wagonjwa na wasafiri, alikuwa anaongeza, "na wale vijana wa kwenye gari."

Sasa sikia alivyofundisha. Aliwasha sidii, na kila wimbo una kazi yake. Wimbo wa kwanza unaenda mbio, kabla haujaisha uwe umefunga mkanda, umeweka vioo, umeangalia nyuma ya bega. Wa pili na wa tatu ni kuzunguka. Wa nne ndio wa ku-park katikati ya magari mawili: kinanda kikianza, rudi nyuma, ngoma ikiingia, kata usukani wote, wakipiga makofi, nyoosha. Wa tano taa za barabarani, wa sita kubadilisha leni. Nakwambia, mtu ambaye hajawahi kushika hata toroli alikuwa anaingiza gari pale kama anaingiza barua kwenye bahasha.

Tatizo lilikuja kwenye mtihani. Afisa anaingia garini, kitu cha kwanza anasema zima redio. Basi watu wetu wakawa wanaanguka mmoja mmoja. Gari inafika mahali pa ku-park, mtu anaganda, anasubiri kinanda. Mimi nili-fail mara mbili hivyo hivyo. Mara ya tatu nikaamua liwe liwalo, nikaimba wimbo wa nne mwenyewe kwa mdomo, kinanda, ngoma, makofi yote, na yule afisa amekumbatia karatasi zake anatazama dirishani. Gari iliingia vizuri. Mpaka leo siwezi ku-park bila kuimba, na wenzangu kazini wanajua, wananiita kwaya.

Alikuwa na mambo yake yasiyoeleweka. Huyu mtu alitufundisha sisi ku-merge, kuingia katikati ya magari ya mbio, lakini yeye haiwei, ile barabara kuu, hakukanyaga. Kwenda Irving, mji wa jirani, kumtembelea mtu ni dakika ishirini na tano, yeye anapita barabara za chini, taa hadi taa, anafika kama ametoka nchi nyingine. Alipiga marufuku muziki wa kucheza kwenye sherehe za ubatizo, anasema Roho Mtakatifu hahitaji spika, halafu ukimkuta kwenye gari anapiga dashibodi kwa vidole vyote kumi. Na kimo chake kilikuwa kama cha mtoto wa darasa la tano, anakalia mito miwili, lakini sauti yake ikitoka mbwa wa jirani anakaa chini.

Na uongo. Hicho ndicho kitu alichokuwa hakisamehe. Dada mmoja aliulizwa kama ameangalia kioo, akasema ndiyo, na hakuwa ameangalia. Mwalimu akamwambia asimamishe gari palepale barabara ya Park Lane, akamteremsha, akamfungulia mlango kwa heshima kabisa. "Gari hudanganyi," akamwambia. "Mimi unaweza kunidanganya nikalala, nikaamka. Gari haiamki." Yule dada alirudi kwa miguu na akaja kuwa dereva mzuri kuliko sisi wote. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma siku hiyo. Nilicheka. Wakati huo tayari nilikuwa nimeshamdanganya Mwalimu, na nilicheka.

Tuingie sasa kwenye wimbo wa saba, nimeuzunguka vya kutosha.

Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha mashuka. Nilikuwa nafua kwenye hoteli, najua taulo, najua shuka, foronya, good morning, sorry. Lakini mimi mdomo wangu hauna breki, nilishawaambia watu wote pale apatimenti kwamba Kiingereza nakijua mpaka kile cha kuimbwa. Mwalimu hakujua hata neno. Akaanza kuniita Mkalimani. "Mkalimani, soma barua hii." Nasoma. Barua ya kodi, barua ya umeme, namba zinaonekana, nafika salama. Nikalizoea lile jina. Linapendeza, kuitwa.

Mume wake alipotea wakati wa kukimbia vita. Walifika Malagarasi mpakani kundi zima, mto umejaa. Yeye na binti yao wakavushwa kwenye mtumbwi, mume akabaki ng'ambo na baiskeli zake kusubiri mtumbwi urudi. Risasi zikasikika, waliobaki wakaingia majini. Huku alikovuka mke wake hakutokea. Wengine walisema walimwona mbele kidogo, mto unakoelekea, anapanda ukingo, wengine hawakusema kitu. Maiti haikuonekana.

Siku ninayoizungumzia tulikuwa tumekwama, gari moshi la mizigo linavuka barabara, mabehewa elfu moja. Mia. Yeye anaendesha, mimi pembeni. Akaniambia shemeji zake wamepiga simu kutoka kambi ya wakimbizi, wanasema miaka imekuwa mingi, wafanye kilio, amlilie mume wake, padre asome misa, matanga yaishe. Binti yake aliyekuwa anaishi Houston naye anataka. Na yeye ameshakubali, Jumamosi ijayo.

Akanyamaza. Sikuwahi kumwona amenyamaza ndani ya gari. Redio ikafika wimbo wa saba, ule wa polepole, mwimbaji anavuta maneno kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

"Mkalimani, huyu anasema nini?"

Ningeweza kusema sijui. Neno dogo, herufi tano. Lakini jina langu ni Mkalimani, na mama amekaa pale na uso ule, na mimi nikitaka kumchangamsha mtu huwa naokota chochote kilicho karibu. Nikasema, "Anasema, mama, usifunge mlango, aliye njiani bado anatembea."

Akageuka akanitazama. "Anasema hivyo?"

"Ndiyo."

"Rudia."

Nikarudia, na kama kawaida yangu nikaongeza. "Anasema amechelewa kwa sababu ya mto."

Mto niliuongeza mimi. Wazungu wale watano hawajui mto wowote. Gari moshi lilishamaliza kupita, watu nyuma wanapiga honi, na yeye ameshika usukani anatikisa kichwa taratibu, machozi yanashuka, anatabasamu. Nikajisikia mtu mwema sana. Siku ile nililala kama mtoto.

Jumamosi hakukuwa na misa. Akawapigia shemeji zake akawaambia mume wake hajafa, yuko njiani. Nikasema ah, ni wiki moja, hasira za huzuni, zitapita. Haikupita.

Kulikuwa na mzee mmoja Mkongo wa Irving, mjane, alikuwa anafanya usafi uwanja wa ndege. Mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Alikuwa anakuja Jumapili na sombe, kisamvu cha kwao, imeshatwangwa, anaiweka mlangoni, anauliza kama bomba la jikoni linavuja. Bomba halikuwahi kuvuja. Sisi wote tuliona, tukafurahi. Alipomwambia wazi kwamba anataka waoane, Mwalimu alimjibu, "Mimi nina mume. Yuko njiani." Mzee akaendelea kuja miaka minne. Wa tano akahamia kwa mwanawe Kentucky, na kabla ya kuondoka alinikuta kwenye ngazi akaniuliza, "Ndugu, wewe uko karibu naye. Huyo mume kweli anakuja?"

Nikamwambia, "Mzee, mambo ya Mungu." Hivyo ndivyo nilivyomjibu.

Katikati ya miaka hiyo Kiingereza kikaniingia chenyewe, kama vumbi. Siku moja nikamwomba binti yangu, amekulia hapa, anaongea Kiingereza hata akiota, anitafutie wimbo ule kwenye simu. Akausikiliza wote.

"Baba, it's just a guy at a party," akasema. "Mwanamke wake anacheza na mwingine."

"Halafu?"

"Halafu anataka koti lake. Alimpa koti, she won't give it back."

"Mto hakuna?"

"What mto?"

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Miaka sita wakati huo mama wa watu anasali kwa ajili ya koti.

Nikaamua kumwambia. Niliamua mara nyingi, chumvi pembeni, zaidi ya mara ishirini. Nilikwenda na ndizi, nikarudi bila kusema. Nilikwenda siku ya Pasaka, akanipokea na wali akasema, "Mkalimani wangu huyu," mbele ya watu, nikala wali. Alipougua magoti, nikasema siyo sasa, mgonjwa. Alipopona nikasema siyo sasa, ana furaha. Nilichokuwa naogopa ni kuteremshwa, basi. Nilikuwa na familia, nina kazi ya weahausi sasa, ghala la mizigo, mwanaume mzima, naogopa mama mfupi mwenye mwiko asije akanifungulia mlango kwa heshima.

Halafu binti yake akaja kumchukua, akahamia Houston, gari na kila kitu. Nikapumua. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko uongo wenyewe: alipoondoka mtu niliyempenda namna ile, nilipumua.

Mwaka jana binti yake akanipigia.

"Kaka, kuna mtu amefika hapa kutoka kambini. Anasema yeye ndiye aliyemzika baba. Kwa mikono yake, ukingoni mwa mto, yeye na wenzake wawili. Ametaja shati, ametaja kidole kilichokatika. Ni baba."

Nikasema pole, dada.

"Mama hataki. Anasema huyo mtu anaweza kukosea, lakini wimbo unasema vingine. Anasema kama ni kweli, basi Mkalimani aje amwambie." Akashusha sauti. "Kaka, uliwahi kumwambia nini?"

Niliendesha haiwei ya arobaini na tano kwa muda wa saa nne, sikuwasha redio. Njiani nikatunga vichekesho vitatu vya kuanzia. Nilivipanga vizuri.

Nikamkuta nje ya nyumba ya binti yake, upande wa kusini magharibi ya Houston, joto lile la kule la kushikana na ngozi, amekaa ndani ya gari yake kiti cha pembeni, mlango wazi. Haiendeshwi tena lakini huwa anakaa humo mchana. Amepungua, mito imekuwa mitatu. Akanionyesha kiti cha dereva. Nikakaa. Vichekesho vyote vitatu vikanitoka kichwani.

"Umekonda," akasema.

"Nimenenepa, mama."

"Basi macho yangu." Akanyoosha mkono awashe redio. Nikaushika ule mkono. Sijawahi kumshika mkono kabla.

"Mwalimu, usiwashe. Ule wimbo hausemi nilivyokwambia. Nilikuwa sijui Kiingereza. Nilitunga."

Akaurudisha mkono pajani.

"Mlango?"

"Nilitunga."

"Aliye njiani?"

"Nilitunga, mama."

"Na mto?"

"Mto niliuongeza mimi. Ulikuwa umenisimulia wewe."

Mtu akapita na mbwa wake, akatupungia, sisi tukampungia. Amerika ndivyo ilivyo, unapunga hata ukiwa unakufa.

"Sasa unasema nini?"

"Mtu alimpa mwanamke koti, wakaachana. Anataka arudishiwe."

"Koti la baridi?"

"Sijui. La kwenye dansi."

Akalichukua lile kasha mlangoni, akawatazama vijana wake na makoti yao. Nilidhani atacheka. Kuna kitu kilipita mdomoni kwake, kikaondoka.

"Yule mzee wa Irving," akasema, "alikuwa mtu mzuri."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Alikuwa anapiga pasi mwenyewe."

Nikasema nisamehe, mama. Nikasema tena. Nikaanza kueleza kwamba nilikuwa nataka kumfurahisha, akanyanyua kidole nikanyamaza.

"Sijakusamehe. Usinikimbize." Akarudisha kasha mahali pake. "Jumamosi unafanya kazi?"

"Nafanya."

"Omba ruhusa. Jumamosi tunafanya kilio. Wewe utasimama uwaambie watu mume wangu alikuwa nani. Unajua kusema, utasema. Lakini maneno nitakupa mimi, na usiongeze hata moja."

Akanipa palepale garini, polepole, kama alivyokuwa anatupa hatua za ku-park. Nikamwomba nirudie, nikarudia, akanikosoa mara mbili. Nilipofika neno la mwisho nikamtazama. Yeye alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo cha gari iliyosimama.

Jumamosi sebule ilijaa, watu wengine wamesimama jikoni. Wa Dallas walikuja gari tatu, wote wanafunzi wake. Padre akamaliza, wakaniita. Wanaonijua wakaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo, nimeshawachekesha kwenye vilio vingi. Mwalimu alikuwa kwenye mkeka, kitenge kichwani, hakuniangalia.

Nikasema:

"Alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa mkali asubuhi, mzuri jioni. Alipenda maharage yaliyolala. Alitupandisha sisi kwenye mtumbwi kwanza. Hakujua kuogelea."

Nikakaa. Watu wakaendelea kunitazama, nadhani walikuwa wananisubiri niendelee. Halafu kutoka kwenye mkeka tukamsikia anaanza kulia.